Jinsi ya kutembea ndani ya VR bila kutafuta ndoo

Jumamosi moja jioni alikuja geto kwangu hapa Sakina chalii mmoja konda wa daladala, mtu ambaye tangu saa kumi na moja alfajiri ananing'inia mlangoni mwa Hiace inayokimbia, mguu ndani mguu nje, na hajawahi kutapika kwenye gari hata siku moja. Akaiona miwani ya VR mezani, ile inayofunika macho yote ukajiona upo ndani ya gemu yenyewe, akasema kaka nivalishe hiyo. Nikamwambia anza na kagemu haka ka kukata maboksi, akagoma, akataka ya bunduki, ya kukimbia, "mi nishazoea mbio bana, we weka". Nikaweka. Dakika nne tu, nakumbuka kwasababu nilikuwa naangalia saa nina chai jikoni, dakika nne akakaa sakafuni bila kuambiwa, kijasho kimemtoka juu ya mdomo, anapapasa kulia na kushoto anatafuta ndoo na miwani bado ipo usoni.

Ndoo hakuipata. Mkeka wangu ndo ulioumia.

Toka ninunue hii Quest 2, miwani ya VR ya kampuni ya Meta, kwa mtu nimeshavalisha majirani, mafundi, machalii wa bodaboda, mpaka shangazi yangu wa Rombo, na nusu yao walikuwa wanaondoka wanasema VR sio za kwao wana tumbo jepesi. Aisee sio tumbo. Ni njia ya kutembea waliyochagua, au mimi niliyowachagulia kwa ujinga wangu, na setingi mbili tatu ambazo hakuna aliyezigusa. Kwaiyo naandika hapa ninavyofanya sa hivi, na toka nianze kufanya hivi mkeka haujafuliwa tena kwa sababu hiyo.

KWANINI KONDA ALIDONDOKA

Ndani kabisa ya kila sikio kuna vimfereji vitatu vyembamba vilivyojikunja kama pete, kila kimoja kimeelekea upande wake, na ndani kuna majimaji. Ukigeuza kichwa yale majimaji yanachelewa kidogo kufuata, na ubongo unajua umegeuka. Jirani na hapo kuna vijiwe vidogo mno vya chokaa vimekaa juu ya kitu kama ute, gari likiondoka au likifunga breki vinasogea, ubongo unajua mwendo umebadilika. Hiyo ndo spidomita yako, ila ina kasoro moja ambayo ukiielewa umeielewa VR nzima: haisomi mwendo, inasoma mabadiliko ya mwendo. Ndo maana ukitoka Arusha kwenda Moshi, basi likishapita Usa River likatulia kwenye mwendo mmoja unasinzia mpaka Boma Ng'ombe, lakini ukipanda gari la kwenda Marangu na zile kona, panda shuka, breki gia breki gia, nusu ya abiria wameshika limau.

Sasa kwenye gari mwili unatikiswa na macho yako yapo kwenye simu, sikio linasema tunaenda, macho yanasema tumekaa. VR ni hiyohiyo imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Macho yanaona unakimbia kwenye korido, sikio linasema huyu mtu amesimama Sakina kwenye mkeka. Ubongo ukipewa habari mbili zinazopingana unavurugikiwa, mate yanajaa mdomoni, jasho baridi, tumbo linapanda. Wataalamu wanaeleza kwanini mwili unachagua kutapika na sio kitu kingine na hawajakubaliana wote, lakini kwamba chanzo ni huo mgongano wa macho na sikio ndo maelezo yanayotumika sana.

Konda yeye amezoea mtikisiko wa kweli. Mwili wake umejifunza kwamba macho yakiona mbio na sikio lisikie mbio. Nikampa mbio za macho peke yake, akapotea. Kwaiyo usimpime mtu kwa ubishi wake wa barabarani, nimeshaona dereva wa malori anashindwa na mtoto wa form two anacheza lisaa.

Na kitu kingine, dereva wa gari hatapiki kirahisi kama abiria, kwasababu anajua kona inakuja kabla haijaja, mikono yake ndo imeiamua. Kumbuka hilo, linarudi huko chini.

NJIA ZA KUTEMBEA, KUANZIA YA UPOLE

Ya kwanza ni miguu yako mwenyewe. Ukipiga hatua moja chumbani na ndani ya gemu unapiga hatua moja, macho na sikio wanakubaliana, hakuna ugomvi, karibu hakuna anayeumwa. Shida ni nafasi tu. Unataka kama mita mbili kwa mbili zilizo wazi, na wengi wetu tuna chumba kimoja chenye kitanda, kabati, jiko la gesi na pikipiki ya jirani tunayomtunzia. Hata hivyo gemu nyingi nzuri hazikuhamishi kabisa, unasimama sehemu moja mambo yanakujia. Beat Saber ndo ile ya kukata maboksi, Superhot VR risasi zinasogea pale tu unaposogea wewe, Job Simulator unazunguka kwenye kameza kako. Mtu mpya aanzie hapa, akatae akubali. Konda akija tena leo hata aniletee nyama choma haanzi na bunduki.

Ya pili ni teleporti. Unasukuma stiki mbele, kale kafimbo ka kidole gumba kwenye pedi unayoshika mkononi, unatokea mstari umepinda kama maji ya mpira wa bustani, unauelekeza pale chini unapotaka kwenda, unaachia, umefika. Katikati hakuna safari kwaiyo macho hayaoni mwendo, na kama hayaoni mwendo hakuna cha kupingana. Watu wa gemu ngumu wanaidharau wanasema ni ya watoto, inaharibu utamu, na kweli inakata kidogo ile hisia ya kuwepo mahali, unajikuta hujui umetokea upande gani. Lakini ndo iliyomchezesha shangazi yangu. Half-Life: Alyx iliyotoka Machi 2020, gemu ambayo sio ya kitoto hata kidogo, inakupa teleporti za aina mbili, "Blink" skrini inafumba kidogo kama umekonyeza jicho ukifumbua umefika, na "Shift" unavutwa fasta mpaka pale. Baadhi ya watu Shift inawasumbua, Blink haiwasumbui. Jaribu zote ukae na inayokukalia.

Ya tatu ni mikono, na mimi ndo naipenda kuliko zote. Gemu za kupanda mwamba unashika jiwe, unajivuta, dunia inashuka. Gorilla Tag huna miguu kabisa, unasukuma ardhi kwa viganja unaruka, na mjini hapa madogo wanaijua hiyo kuliko hesabu. Inaonekana ya fujo ukiangalia kwa nje, mtu anarukaruka kama amekanyaga siafu, lakini wengi wanaivumilia kuliko stiki kwasababu kila mwendo umetoka kwenye mkono wako, ubongo ulishajua tunakwenda kabla hatujaenda. Ndo ile habari ya dereva na abiria. Usinielewe vibaya lakini, siku ya kwanza hata hiyo inaweza kukuchafua, hasa ukipanda juu ya mti ukaachia. Kuna gemu pia zinataka upunge mikono kama unakimbia au ukimbie palepale ulipo, zinasaidia kwa sababu hiyohiyo, ila utatoa jasho na jirani wa chini atagonga dari kwa ufagio.

Ya nne ndo stiki, ile aliyotaka konda. Unasukuma unateleza mbele kama upo kwenye mkanda. Gemu nyingi kubwa zinatumia hii, kwaiyo mwisho wa siku utaitaka, na mbinu zake ni hizi. Sukuma mpaka mwisho au acha kabisa, usiwe unaichezea nusunusu unapunguza unaongeza, kwasababu kila ukipunguza na kuongeza ni breki na gia nyingine mbele ya macho, na sikio lako kumbuka linasikiliza mabadiliko tu. Nenda mbele, unakoangalia. Kwenda ubavuubavu kama kaa au kurudi nyuma ndo kunakochafua haraka. Kama setingi inauliza mwelekeo ufuate kichwa au mkono, anza na kichwa, baadae utahamia mkono ukishakuwa mkongwe. Ngazi na vilima panda ukiangalia kule juu unapoelekea, usiangalie vidole vya miguu ambavyo hata hivyo hauna. Na kabla hujasukuma, jiambie kichwani "naenda pale mlangoni". Inachekesha lakini inafanya kazi, unajigeuza dereva.

Magari na ndege zipo katikati. Ukiwa umekaa kwenye kiti halafu ndani ya gemu nako umezungukwa na dashibodi, kioo na milango ambavyo havisogei, macho yanapata kitu cha kushikilia, sio mbaya sana. Kibaya kuliko vyote ni zile video na gemu za bembea za reli, unakaa mtu anakuendesha yeye, anakurusha, anakugeuza, hujaamua chochote. Na ndo kitu cha kwanza watu wanachowaonyesha wageni! Mgeni anapiga kelele, watu wanacheka wanarekodi kwa simu, afu hagusi VR tena maisha yake yote. Acheni hiyo bana.

KUGEUKA, HAPA NDO WATU WANAPOFIA

Kama utasoma sehemu moja tu soma hii. Watu wanahangaika na jinsi ya kwenda mbele wakati kinachowamaliza ni kona. Vile vimfereji vitatu kazi yake yote ni kugeuka, kwaiyo ukigeuza dunia kwa kidole gumba na shingo haijasogea, umemdanganya shahidi mkali kuliko wote.

Ingia kwenye setingi utakuta pameandikwa "Turning" au "Comfort", chini yake "Smooth Turn" na "Snap Turn". Smooth inazungusha dunia taratibu kama kamera ya harusi. Izime. Weka Snap, hiyo inakata, tap moja umeruka nyuzi 45, hakuna mzunguko unaoonekana, ni kama picha imebadilishwa. 45 inakupa mikato minane kumaliza duara, 30 inakupa kumi na mbili. Mimi niko na 45. Ukiweka 90 utapotea, unageuka unajikuta unaangalia ukuta hujui umetoka wapi.

Bora kuliko Snap ni kugeuka kwa mwili wako. Miwani hii haina waya, geuka! Watu wanasimama kama mlingoti wa bendera wanageuza kwa kidole wakati miguu wanayo. Kama unacheza umekaa, tafuta kiti cha ofisi kinachozunguka, vya mitumba vipo, chalii mmoja pale Kijenge ameokota kilichotupwa hakina egemeo kabisa na kinamfaa kuliko kiti changu. Ukitumia waya wa kompyuta pitisha juu, vinginevyo utajifunga kama mgomba uliofungiwa mbeleko.

Tatizo la kugeuka kwa mwili ni kwamba unapotea chumbani, unaanza katikati unajikuta unapiga kabati ngumi. Hapa ndo mkeka unapokuja, sio kwa ajili ya kutapikiwa. Tandika kamkeka kadogo au kale ka kufutia miguu katikati ya nafasi yako, vua viatu. Nyayo zikigusa sakafu ya baridi unajua umetoka, unarudi bila kuvua miwani. Afu weka feni upande mmoja ikupepee. Upepo ukikupiga shavu la kulia unajua mbele ni wapi, na hewa baridi yenyewe inapunguza kile kichefuchefu. Umeme ukikatika feni inazima na ndo muda mzuri wa kupumzika.

GIZA LA PEMBENI, NA HABARI YA PUA

Kuna setingi nyingine inaitwa "Vignette" au "Tunnel". Ukiiwasha, kila unapotembea kwa stiki pembeni mwa macho panaingia giza, unaona katikati tu kama unachungulia kwenye bomba, ukisimama giza linafunguka. Inasaidia kwasababu mwendo tunausikia sana kwa pembe za macho. Jaribu kwenye gari, ukiangalia mbele mbali huoni kasi, ila migomba ya pembeni inavyopita ndo inakwambia mnakimbia. Funika migomba, kasi imepungua.

Mwaka 2016 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia kule Marekani, Ajay Fernandes na Steven Feiner, walilijaribu giza hili wakaliingiza polepole kwa ujanja, watu wakakaa ndani muda mrefu zaidi wakijisikia vizuri zaidi, na wengi hata hawakugundua kwamba walikuwa wanapunguziwa upana wa kuona. Kwaiyo ukiwasha anza na kiwango cha juu, ukizoea shusha. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2015, wenzao wa Purdue walifanya kituko kizuri zaidi, walichora pua katikati ya skrini. Pua tu. Pale inapokaaga pua yako. Watu wakadumu zaidi kabla ya kuanza kuumwa, na pua yenyewe hawakuiona mpaka wakaambiwa. Fumba jicho moja sa hivi hapo ulipo uangalie, pua yako ipo kila saa na huwa huioni. Macho yanapenda kitu ambacho hakisogei.

KABLA HUJAVAA

Pima macho kwanza. Umbali kati ya mboni na mboni watu hatulingani, na lenzi zikikaa vibaya utaumwa kichwa hata kama umesimama tu unaangalia menyu, utasingizia gemu. Chukua rula ya shule, simama mbele ya kioo karibu kama shubiri moja, iweke juu ya nyusi. Fumba jicho la kulia, sifuri ikae sawa na mboni ya kushoto. Usitingishe rula. Fumba kushoto fumbua kulia, soma milimita zilipo kwenye mboni ya kulia. Rudia mara tatu maana mara ya kwanza utacheka. Kwenye Quest 2 lenzi unazishika kwa mkono unazisogeza, zina nafasi tatu tu, 58, 63 na 68. Ukipata 61 kushuka chini weka ya kwanza, ikizidi 61 mpaka 66 weka ya kati, zaidi ya hapo ya tatu. Quest 3 ina kigurudumu unazungusha tu. Konda siku ile alikuwa na 67 na mi nilimvalisha kwenye ya kwanza, yangu. Kosa langu hilo, nalikiri.

Ukishavaa pandisha na shusha miwani usoni mpaka maandishi yawe makali, ndo ufunge mikanda. Watu wanafunga kwanza afu wanalalamika ukungu.

Hakikisha sakafu. Miwani ikikuuliza usawa wa sakafu gusisha pedi chini kabisa. Ikikosea ukajiona mrefu kama twiga au umezama mpaka magotini, kila ukiinama dunia inakudanganya na tumbo linajua.

Picha isikwame. Kichwa kikigeuka picha inatakiwa ifuate ndani ya kitu kama milisekunde 20, ikichelewa unaiona dunia inaogelea. Ukicheza gemu za miwani yenyewe hili wameshalishughulikia. Ukichezea gemu ya kompyuta kwa Wi-Fi, ndo balaa linapoanza. Tumia ile ya 5 GHz, ruta iwe chumba hichohicho, na kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya. Quest 2 inaweza kwenda Hezi 72, 90 mpaka 120, yaani picha ngapi inaonyesha kwa sekunde, ila kama kompyuta yako haiwezi kutoa fremu 90 bila kukwama bora 72 iliyotulia, na shusha ubora wa vivuli na miti. Uzuri wa majani hautakusaidia ukiwa umeinamia ndoo.

Tumbo lisiwe limejaa, wala tupu. Mtu ametoka kupiga bakuli la mtori na ndizi nyama afu anataka kurukaruka, hapana. Pombe nayo inavuruga yale majimaji ya sikioni yenyewe kwa yenyewe, kwaiyo mbege na VR visionane. Ukiwa na usingizi, mafua au homa, acha siku hiyo.

MAZOEZI, NA KWANINI USIJIKAZE

Sisi tumelelewa kujikaza. Ukipanda mlima kichwa kikauma unaambiwa piga maji songa mbele, na hata kule mlimani ni ushauri mbaya. Kwenye VR ndo kabisa. Ukijisikia vibaya ukaendelea dakika tano "ili uzoee", huzoei, mwili unajifunza kwamba ile harufu ya sponji ya miwani maana yake ni kutapika, na wiki ijayo utasikia kichefuchefu kabla hujawasha. Nimeshamuona mtu wa hivyo, akiona tu miwani mezani anameza mate.

Kwaiyo toka mapema. Dalili za kwanza sio tumbo. Ni miayo bila usingizi, mate kuwa mengi, joto usoni, kijasho juu ya mdomo, na ile hali ya kukaa kimya ghafla. Ukimvalisha mtu anaongea anaongea afu akanyamaza, mvue. Usimuulize kama yupo sawa, atakwambia yupo sawa.

Siku za mwanzo cheza dakika tano mpaka kumi, vua ukiwa bado una hamu. Subiri mpaka ujisikie mzima kabisa, ikibidi kesho. Wiki ya kwanza gemu za kusimama tu. Zikipita bila shida nenda teleporti na Snap. Baada ya hapo stiki kwa dakika tatu tatu na giza la pembeni likiwa juu. Ukiweza robo saa bila miayo shusha giza kidogo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukibadilisha vitatu ukaumwa hutajua kipi kimekuumiza. Wengine wanazoea kwa wiki moja, wengine mwezi, na wapo wasioizoea stiki maisha yao yote na bado wanaenjoi teleporti, haina neno. Kwenye duka la Quest kila gemu imeandikwa kama ni tulivu, ya kati au kali, soma hapo kabla hujatoa hela.

Shangazi alikuja kutoka Rombo kwenye msiba, amekaa pale kwenye kochi na limau lake mkononi bado, maana safari nzima anakuwaga analinusa. Nikamwamkia, shikamoo shangazi, marahaba baba, afu akaniuliza "hicho kidude unachojifunika usoni si kitanitapisha kama gari la Tarakea?" Nikamwambia hapana shangazi, utakaa hapohapo. Nikampima kwa rula, nikamwekea ile ya kukaa chini ya bahari nyangumi anapita, hasogei popote, feni inampepea. Alinyoosha mkono kumgusa nyangumi mpaka limau likadondoka. Baada ya chakula kushuka nikamtia kwenye Walkabout Mini Golf kwa teleporti, akacheza mashimo sita huku amekaa. Alivyovua akasema hakusikia chochote ila ameshangaa kwanini mikono yake imekuwa ya mzungu. Nikabadilisha rangi ya mikono.

Tangawizi inasaidia baadhi ya watu, chai yake nusu saa kabla, au kutafuna kipande. Limau kunusa, sawa, angalau halina madhara. Vidonge vya safari vipo duka la dawa lakini vingi vinaleta usingizi, na kama unahitaji kidonge ili ucheze gemu basi rudi kwenye teleporti. Mwenye kifafa, mjamzito, mwenye matatizo ya moyo au ya sikio aongee na daktari kwanza. Watoto chini ya miaka 10 usiwavalishe, hata Meta wenyewe wanasema hivyo.

Ikishakukamata, vua, kaa chini, angalia kitu cha mbali kisichosogea, mimi natoka nje nauangalia Meru kama mawingu yameruhusu. Kunywa maji kidogo kidogo. Usilale ukafumba macho papo hapo, wengine kizunguzungu kinazidi. Na usiwashe pikipiki. Hili nalisema kwa nguvu maana machalii wa boda ndo wateja wangu wakubwa, mtu anavua miwani anaruka kwenye boda kuwahi abiria Ngaramtoni wakati kichwa bado kinaelea. Mizani ya mwili inaweza kuchelewa kurudi hata kama tumbo limetulia. Mi nakaa na funguo zao kwenye sahani ya kabati, hakuna funguo mpaka nusu saa ipite na mtu aweze kusimama kwa mguu mmoja amefumba macho bila kushika ukuta.

Konda alirudi baada ya mwezi hivi. Kwanza alikuwa mkimya, amejishusha, akakubali kukata maboksi kama mtoto mzuri, lenzi kwenye ya tatu. Sa hivi anakuja kila Jumapili jioni akishakabidhi hesabu kwa tajiri, anatembea kwa stiki dakika ishirini mfululizo, kugeuka bado anakata 45, smooth alijaribu mara moja akavua mwenyewe kabla sijamwambia. Ndoo anaenda kuichukua bafuni yeye mwenyewe, anaiweka kushoto karibu na mlango, anaipiga teke kidogo kwa kisigino asikie ilipo, ndo anavaa.